Ana mzio wa karanga na tumealikwa bustani ya michezo: aende, na akienda ale nini?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi Mwanga, Kigoma. Mwanangu wa kiume ana miaka saba. Mwaka jana jirani alimpa kipande cha kashata ya karanga. Haikupita dakika kumi midomo ikavimba, akatapika, kifua kikaanza kupiga mluzi. Hospitali walimchoma sindano ya paja, akatulia. Tangu siku ile nimemwondolea karanga, maharage, kunde, nazi, hata mawese. Desemba tunakwenda Dar kwa treni kwa wajomba zake, na wamewaahidi watoto wote kuwapeleka kwenye bustani ya michezo ya maji. Mume wangu anasema huyu abaki. Wifi yangu anasema nimlambishe karanga kidogo kidogo kuanzia sasa, azoee kabla ya safari. Mtandaoni nimesoma kwamba ukifika kwenye bustani unaomba orodha ya vyakula vyenye vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio, lakini mama lishe gani wa kwetu ana orodha hiyo? Aende au asiende? Na akienda, ale nini?"

Mama, nakujibu kutoka Tabora, ambako karanga ni zao la shambani, ni kiungo cha mboga na ndizo anazotengewa mgeni akingoja chakula. Kwa hiyo najua unapigana na kitu kilicho kila mahali. Jibu langu ni kwamba aende, ila kwa sharti moja: kabla ya safari aonwe na daktari, na mtoke naye mkiwa na mpango wa dharura ulioandikwa. Sharti hilo lisipotimia, nitakuwa upande wa baba yake.

Nianze na ushauri wa wifi, maana huo ndio unaoweza kuleta madhara hata kabla hamjakata tiketi. Tafadhali usimlambishe. Usimkasirikie wifi pia. Alichosema kina chanzo chake. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza, yakionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari ya kupata mzio, wakianzishiwa vyakula vya karanga mapema, wengi wao hawaupati. Lakini hao walikuwa hawajapata mzio. Wako ameshaupata. Ipo pia tiba ya kumzoesha mwenye mzio, na mwaka 2020 Marekani waliidhinisha unga maalumu wa karanga kwa kazi hiyo. Unga huo hupimwa kwa miligramu, kila kipimo kipya mtoto hupewa mbele ya watu wenye dawa ya kumwokoa, na hata hivyo baadhi hupata shida. Jikoni kwako huna mizani hiyo wala hao watu. Tena ukali wa tukio moja hautabiri tukio lijalo: leo anaweza kupata vipele tu, kesho kiasi kile kile kikambana koo.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kifanye makubwa hivyo? Mwili wa mwanao umetengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE dhidi ya protini za karanga. Kingamwili hizo zimekaa tayari juu ya seli maalumu zilizo kwenye ngozi, tumboni na kwenye njia za hewa. Protini ya karanga ikifika, seli hizo hufunguka kwa pamoja na kumwaga kemikali, histamini ikiwa mojawapo. Ngozi huvimba na kuwasha, tumbo hukataa chakula, mirija ya hewa hubana, na mishipa ya damu hulegea hadi presha ikashuka. Ndiyo maana dalili zilimjia kwa mkupuo, sehemu tofauti za mwili ndani ya dakika chache. Tumbo likiharibika saa nane baada ya kula, bila dalili nyingine, huo kwa kawaida si mzio wa namna hii.

Kuna jambo moja ambalo wapishi wengi hawaliamini mpaka ulieleze mara mbili: moto hauui kizio. Watu wamezoea kwamba ukichemsha maji, vijidudu vinakufa, wakadhani na karanga ni hivyo hivyo. Kizio si kijidudu, ni protini, na hii ya karanga ni ngumu. Kuzikaanga kavu, kama tunavyozikaanga kwa chumvi au mchanga, huzifanya zichochee mzio zaidi kuliko zilizochemshwa, ingawa za kuchemsha nazo ni marufuku kwake. Mafuta ya karai yaliyokaangia kitu chenye karanga hubaki na chembe zake hata yakichemka kutwa nzima.

Sasa vyakula ulivyomwondolea. Nakuelewa, ila umefunga milango yote ya nyumba kwa sababu mwizi alipitia dirishani. Karanga ni jamii ya mikunde, kweli, lakini wengi wenye mzio wa karanga hula maharage na kunde bila tatizo lolote. Mawese yanatoka kwenye mchikichi, hayahusiani na karanga kabisa, na nazi ni tunda la mti mwingine. Kama kabla ya kashata ile alikuwa anakula maharage, kunde, nazi na mawese bila shida, mwambie daktari hivyo hivyo, na kwa kibali chake uvirudishe. Mtoto wa miaka saba aliyenyimwa karanga na maharage kwa pamoja amepoteza protini ya bei nafuu tuliyo nayo, na ukimnyima mawese umemnyima pia chanzo kikubwa cha vitamini A cha watu wa Kigoma. Vitu ambavyo ningevisubirisha mpaka aonwe ni korosho na lozi, kwa sababu baadhi ya wenye mzio wa karanga hukuta wana mzio wa hizo pia, na njugumawe kama hajawahi kuzila.

Katazo lake liwe jembamba, lakini lisilo na mlango wa nyuma. Ni karanga tu, ila ni karanga popote zilipojificha, na kwetu zinajificha kwenye vyombo kuliko kwenye sahani. Kinu kilichotwanga karanga jana, leo kinatwanga kisamvu, na mbao za kinu zina nyufa zisizotoka kwa kusuuza. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga unga wa lishe wa jirani, mzigo unaofuata ni mahindi yako. Uji wa lishe wenyewe usiupokee popote, kwa sababu wachanganyaji wengi hutia karanga. Vile vipakiti vya chakula dawa wanavyopewa watoto wenye utapiamlo mkali kliniki, na kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, kwa kawaida hutengenezwa kwa karanga zilizosagwa na maziwa ya unga. Mtoto wa jirani akimwonjesha wako kwa ukarimu, itakuwa kashata ya pili.

Kuhusu bustani yenyewe, ulichosoma mtandaoni ni kweli, ila ni kweli ya kwao. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014 sheria inamtaka mwenye mgahawa amweleze mteja kama chakula kina chochote kati ya vizio 14 vilivyoorodheshwa, na karanga zimo. Ndiyo maana bustani kubwa za huko zina vitabu vya vizio, na mpishi hutoka jikoni kuzungumza na mama kama wewe. Hapa nyumbani usitegemee kukuta kitabu. Utamkuta binti wa kaunta anayetaka kukufurahisha, na ukimuuliza "hiki hakina karanga, eti?" atakujibu "hakina, mama" kwa moyo mweupe kabisa, bila kujua karai limepitia nini.

Kwa hiyo usiulize swali linaloomba kukubaliwa. Mtafute anayeshika mwiko, si anayepokea hela, na umuulize maswali ya wazi: mnakaangia mafuta gani? Karai hili limekaanga nini leo? Mboga mmeunga na nini? Mwambie pia sababu, bila kuona haya: "mwanangu akila karanga hata chembe anaweza kufa." Nimeona wauzaji wakibadilika uso wakisikia hivyo, wakasema kweli: dada, hapa usimnunulie. Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko orodha. Ukiona anasita, au anajibu haraka mno, ondoka. Hakuna sahani ya chipsi inayostahili kubahatisha.

Piga simu kwenye bustani siku chache kabla. Bustani nyingi za michezo hazipendi wageni waingie na chakula, kwa kuwa nazo zinauza, na mlinzi getini hana mamlaka ya kukuamulia. Ongea na msimamizi, eleza kwamba ni suala la afya, andika jina na cheo chake, kisha mje na barua fupi ya daktari. Wakikataa kabisa hata baada ya barua, mtoto ashibe kabla ya kuingia, mtoke naye nje kula mchana, au mchague mahali pengine pa kucheza. Wajomba hawatakosa ufukwe.

Mkiruhusiwa, chakula kikuu kiwe cha mfuko wako: chapati ulizopika mwenyewe, kuku au samaki wa kukaanga, viazi vitamu, na chombo chake peke yake chenye mfuniko. Vya kununua huko viwe vile vilivyofungwa na Mungu au na kiwanda. Ndizi mbivu, chungwa unalomenya mwenyewe, yai la kuchemsha likiwa na ganda, maji na soda za chupa. Dafu nalo, likipasuliwa mbele yako kwa kisu kilichooshwa. Biskuti za paketi ni sawa ukisoma maandishi yote, na kwa Kiingereza tafuta maneno peanut na groundnut. Ikiandikwa kwamba huenda ina chembe za karanga, irudishe rafuni. Askrimu ya koni iache, hata ya vanila, maana kijiko ni kimoja kwa ndoo zote na wengine hunyunyizia karanga juu. Chipsi, kachori, sambusa na mihogo ya karai la pamoja ziache pia. Mahindi ya kuchoma hayana shida, mradi muuzaji hachomi wala hashiki karanga kwenye meza ile ile.

Ukweli ni kwamba bustani ya Dar hainitishi kama viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hapa Ipuli, Tabora. Bustani ina vibanda vichache unavyoweza kuvikagua. Nane Nane kila banda la wajasiriamali linakuonjesha kitu: siagi ya karanga, uji wa lishe, biskuti za unga wa mchanganyiko, na mtoto mchangamfu anapokea kwa mikono miwili kabla hujageuka. Shule yake ikipanga ziara ya huko Agosti, hapo ningemsikiliza zaidi baba.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Uingereza kwa watu wazima wenye mzio wa karanga, ulionyesha kwamba mazoezi ya mwili, na vilevile kukosa usingizi, kila kimoja kilipunguza kiasi cha karanga kinachotosha kuwasha mzio kwa karibu asilimia 45. Sasa fikiria: zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka Kigoma, usiku wa kukesha behewani, halafu kesho yake kukimbia na kupanda mabomba ya maji kutwa. Kiasi ambacho nyumbani pengine kingemletea vipele viwili, siku hiyo kinaweza kumlaza. Mkifika Dar, bustani isiwe kesho yake. Alale siku mbili kwanza. Akiwa na mafua au homa, au pumu ikimsumbua, ahirisheni.

Treni nayo ni safari ya chakula. Vituoni wachuuzi huleta karanga hadi dirishani, abiria wanabangua na maganda yanaruka. Harufu ya karanga peke yake haileti mzio, hilo nikutoe hofu. Kinacholeta shida ni chembe zenyewe kuingia mdomoni, au vumbi zito la kupepeta na kusaga. Chagueni kiti cha mwisho wa safu kama mnaweza, futa meza na kingo za dirisha kwa kitambaa cha maji na sabuni, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Jeli ya kuua vijidudu haiondoi protini ya karanga, inaitandaza tu. Ni hivyo hivyo kwa vishikio vya bembea na ngazi za mabomba huko bustanini. Chakula cha siku ya kwanza kinaweza kuwa chochote ulichopika. Cha siku ya pili kiwe kikavu, samaki wa kukaushwa vizuri, maandazi, mayai yasiyomenywa, kwa sababu wali wa jana kwenye joto la behewa una hatari nyingine kabisa.

Tuje kwenye dharura, hapa naomba usome pole pole na baba yake asome. Akila kitu kisha ukaona vipele pekee, mwangalie kwa karibu bila kumwacha hata dakika. Lakini vipele au kuvimba vikiambatana na kutapika, au ukisikia sauti imekwaruza, kikohozi kisichokatika, mluzi kifuani, au akalegea na kupauka, huo ni mzio mkali, na dawa yake ni moja: adrenalini, kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema. Adrenalini hubana mishipa iliyolegea na kufungua njia za hewa. Vidonge vya mzio kama piritoni na setirizini hupunguza kuwasha tu, hazifungui koo wala hazipandishi presha, na watoto wamepotea huku wazazi wakingoja vidonge vifanye kazi. Pampu ya pumu pia haichukui nafasi ya adrenalini.

Zipo kalamu za adrenalini ambazo mzazi humchoma mtoto mwenyewe, ila kwetu ni adimu na ghali. Adrenalini ya ampuli, yaani kichupa kidogo cha dawa ya kuvutwa kwa sindano, ndiyo inayopatikana vituo vya afya. Baadhi ya madaktari humfundisha mzazi kuvuta dozi kutoka kwenye ampuli na kuchoma. Wengine hawakubali, na wana sababu zao, maana kukosea dozi kwa mkono unaotetemeka ni rahisi. Hilo si la kuamuliwa na mimi mtu wa lishe, wala na duka la dawa. Dozi inategemea kilo zake za sasa. Mkipewa, mfuko wa dawa ukae kivulini, usiachwe kwenye gari lililofungwa wala kabatini mwa bustani wakati mtoto yuko majini upande wa pili. Mtu mzima mmoja, aliyepangwa kwa jina, aubebe siku nzima.

Mkiwa hamna dawa mkononi, basi mjue kabla ya kuingia bustanini hospitali iliyo karibu ni ipi, mwombeni mjomba awapigie kuthibitisha kwamba wana adrenalini na wanafanya kazi siku hiyo, na gari liwepo. Dalili zikianza, alazwe miguu juu. Akiwa anahema kwa shida, akae, lakini asisimame wala asitembezwe kwenda kwenye gari, abebwe. Hata akipata nafuu baada ya sindano lazima aangaliwe hospitali kwa saa kadhaa, kwa sababu wimbi la pili huweza kurudi.

Kwa hiyo wiki hizi mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, uombe kuonana na daktari wa watoto, ukiwa na maelezo ya tukio la mwaka jana: alikula nini, baada ya muda gani, dalili gani zilitangulia, alichomwa nini. Maelezo hayo yana uzito kuliko kipimo chochote. Vipo vipimo vya ngozi na vya damu, lakini kipimo peke yake kinaweza kuonyesha mzio kwa mtu anayekula kitu hicho kila siku bila shida, kwa hiyo usilipie orodha ndefu ya vipimo vya vyakula hamsini. Uliza kama anafaa kupewa rufaa ya Bugando au Muhimbili. Kwa kuwa mnakwenda Dar, panga miadi iwe kabla ya siku ya bustani. Uliza pia lini arudiwe kuangaliwa: karibu mtoto mmoja kati ya watano wenye mzio wa karanga huacha kuwa nao akikua, ila hilo hujulikana kwa kujaribiwa hospitali.

Na wajomba. Mimi ningekaa macho zaidi nyumbani kwao kuliko bustanini, kwa kuwa Desemba nyumba ina wageni, bakuli la karanga liko mezani, mchicha umeungwa karanga, na shangazi mmoja hajaambiwa. Mpigie mke wa mjomba mapema, yeye ndiye mwenye jiko, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na umwombe sufuria moja na mwiko mmoja ambavyo vitakuwa vya huyu mtoto mpaka mtakapoondoka.